Silanga Isiyokauka

Ukifika Silibwet ukauliza kwa Johana, watakuuliza kwanza, "Johana wa silanga?" Ukiitikia, watakunyoshea kidole kuelekea bonde la Nyangores, ng'ambo ya mashamba ya majani chai, penye mti mmoja mkubwa na paa la bati lililofifia. Hata sasa, Johana mwenyewe akiwa amelala kaburini mwaka wa pili, jina hilo halijamtoka. Silanga ni bwawa dogo la kuchimba, la kunyweshea ng'ombe. Na huku Silibwet, ambako mvua huja karibu kila alasiri bila kualikwa na kila bonde lina kijito chake, mtu kuchimba silanga ni kujitafutia maneno. Watu walicheka wakachoka. Johana aliichimba vivyo hivyo, na sababu yake ilikuwa mwanamke.

Mwanamke huyo ni Chepkurui, na hadithi hii ni yake.

Aliolewa kutoka Chebunyo, kule chini Chepalungu, nchi ya jua na miiba na ng'ombe wenye subira. Kwao kulikuwa na silanga ya mama yake, pana, yenye maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kila kiangazi ilikauka mpaka tope likapasuka vipande, watoto wakawa wanarukaruka juu yake. Kisha mvua ya kwanza ikija, siku chache baadaye maji yalijaa viumbe wadogo, wepesi, waliopitisha mwanga mwilini. Hakuna aliyejua walikotoka. Waliogelea chali, matumbo juu, miguu yao mingi ikipepea bila haraka, na mtoto akiinama kuwatazama alisahau kilichomleta.

Mama yake aliwaita wageni wa mvua. "Wageni wamefika," alikuwa akisema asubuhi hiyo, na siku hiyo ng'ombe walinyweshwa pembeni kwa debe ili wasiwakanyage. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hivyo ndivyo alivyoamini yule mama, na alichopona yeye hakuna aliyemuuliza. Baada ya wiki kadhaa maji yalipungua, wageni wakatoweka bila kuaga, na Chepkurui mdogo alinuna siku nzima.

Siku ya kuolewa kwake ilikuwa katikati ya kiangazi. Alfajiri, kabla wenzake hawajaamka kumpamba, alishuka peke yake hadi kwenye silanga iliyokauka, akavunja vipande vya tope, akavisaga kwa kiganja na kulijaza vumbi hilo katika kibuyu kidogo kilichosuguliwa kwa mkaa, kibuyu ambacho kwa haki kilipaswa kubeba maziwa ya mursik. Akakifunga kifuniko chake cha ngozi. Njiani wifi zake wapya walitaka kumsaidia kukibeba, akakataa. Wakanong'onezana kwamba bibi arusi huyu ni mchoyo wa maziwa.

Sasa, kwa Wakipsigis, bibi arusi haingii kwa mumewe hivi hivi kama mtu anayeingia dukani. Hufika langoni akasimama. Huinamisha kichwa, hatamki neno, na mguu wake hauinuki mpaka aahidiwe kitu. Wakwe huanzia chini, kuku, mbuzi, huku wakimbembeleza na kutania, mpaka wafike kwenye kitu cha kumridhisha. Chepkurui aliahidiwa kuku. Akaahidiwa mbuzi. Akaahidiwa mtamba mwekundu ambaye kila mtu alimjua kwa jina. Hakuinua hata ukope. Mwishowe shangazi mmoja aliyechoka na jua akamwomba aseme mwenyewe anachotaka.

"Nataka silanga," akasema.

Kicheko kilichozuka hapo kilisikika ng'ambo ya mto. Lakini Johana, ambaye kwa desturi alipaswa kunyamaza na kuwaachia wazee, alifungua kinywa chake. Alikuwa na sauti nzito, ya polepole, sauti ya mtu asiyependa kurudia neno.

"Nitaichimba," alisema. "Na haitakauka."

Ndipo Chepkurui akainua mguu, akaingia.

Ahadi ni deni, husema watu, kisha huendelea na shughuli zao. Johana hakuwa mtu wa namna hiyo. Alichimba silanga peke yake jioni za baada ya kuchuma majani, akaiwekea ukingo wa udongo ulioshindiliwa, akachimba mfereji mwembamba kutoka chemchemi ya juu ili maji yaingie usiku na mchana. Ilipojaa, Chepkurui alisubiri mumewe aende kituoni kupima majani, akafungua kibuyu na kulimwaga lile vumbi la kwao. Lilielea kidogo juu ya maji, likazama. Aliketi pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Wageni hawakuja. Hawakuja mvua hiyo wala iliyofuata. Mwanzoni alijiambia kwamba pengine wanaona baridi, maana maji ya huku ni ya kutia meno ganzi. Baadaye alijiambia kwamba udongo ulifia njiani. Na baadaye zaidi, siku za uzito, alipokuwa amebeba mimba na kumlilia mama yake, alijiambia kwamba kwao wamekataa kumfuata, kwamba mtu akiolewa mbali hata mdudu wa nyumbani humsahau. Lilimuuma sana wazo hilo, na hakuwa na wa kumwambia. Angemwambia nani? Bibi arusi anayebeba udongo wa kwao ndani ya kibuyu cha maziwa, watu watasema hajaondoka kwao. Johana ndiye alikuwa wa mwisho kuambiwa, kwa sababu Johana alikuwa na furaha.

Aliipenda silanga ile kupita kiasi. Ulipokuja ukame mbaya, ule uliokondesha hata ng'ombe wa Silibwet, chemchemi ikawa inatoa jasho badala ya maji, Johana alichukua punda na mitungi akawa anateka maji Nyangores, anayapandisha kilima na kuyamwaga ndani ya silanga. Majirani walimwambia jua limempanda kichwani. Chepkurui naye alimwambia, "Baba Kipngeno, iache ikauke, si kitu." Akajibu kwa sauti yake ile, "Nilisema haitakauka," na kumpiga punda kofi la mgongo waondoke.

Haikukauka. Miaka arobaini na ushei, silanga ya Johana haikuwahi kuonyesha tope lake la chini.

Ilikauka alipokufa yeye. Mfereji ulizibwa na mizizi ya majani ya ng'ombe, hakuna aliyeuzibua, na kiangazi kilipofika maji yakarudi nyuma taratibu mpaka yakaisha. Chepkurui alishuka siku moja akaliona tope limepasuka vipande, sawasawa na lile la Chebunyo, na badala ya kufarijika akashikwa na hasira. Alimkasirikia Johana kwa kufa. Alikasirikia shimo lile lililokula jasho la mume wake maisha yake yote, na ambalo yeye mwenyewe halikuwahi kumpa alichokitaka. Kwa hiyo mwanawe Kipngeno alipokuja kumwambia ana miche ya chai iliyo tayari, na kwamba mvua ikikolea atafungua ukingo, maji yamwagike mtoni, asawazishe na kupanda, alimjibu bila kumtazama.

"Fanya, kijana yangu. Hiyo ni shimo tu."

Hakumtazama kwa sababu Kipngeno alirithi sauti ya baba yake. Siku hizo Chepkurui alipoitwa na mwanawe kutoka nyuma ya nyumba, moyo wake ulikimbilia mlangoni kabla yeye hajakumbuka.

Ni katika siku hizo za kungoja mvua ndipo alipokuja Syprose. Mwanamke wa makamo, buti za mpira miguuni, chekeche na ndoo mkononi, amevuka mashamba ya chai akisalimia kila mchumaji. Alisimama uani na kusema, "Chamgei, mama," kwa Kikipsigis safi kabisa, na Chepkurui akamwitikia kabla ya kuona kwamba uso ule ni wa watu wa ziwani.

"Unatoka wapi wewe, na unaongea hivi?"

"Nyumbani ni Homa Bay, mama. Lakini nimezaliwa Kericho, kwenye kambi ya majani chai. Baba alikuwa fundi wa mashine factory. Huko ziwani naenda Krismasi tu, na nikifika wananiita mgeni."

"Na hapa?"

"Hapa pia," alisema Syprose, akacheka.

Alikaribishwa chai. Alieleza kwamba kazi yake ni kutafuta viumbe wadogo wa maji, hawa wa jamii ya kaa na kamba, ila wadogo mno, wengine huwezi kuwaona bila kioo. Si wadudu, ingawa kila mtu huwaita hivyo. Ni ndugu wa ochonga, wale uduvi wa ziwa wanaosagwa kulisha kuku. Amezunguka kuanzia juu msituni mpaka chini Chepalungu, kujua nani anaishi wapi. Na kila maji yana watu wake, alisema. Vijito vya baridi vya juu vina kaa weusi chini ya mawe. Mabwawa ya kampuni za chai yana vitone vinavyorukaruka kama viroboto, na vingine vya kike vinavyobeba mayai kwa mifuko miwili, mmoja kila upande. Kwenye chemchemi kuna wanaojifungia ndani ya maganda mawili, ukidhani ni punje za mbegu. Hata kwenye nyayo za ng'ombe zilizojaa maji ya mvua amewahi kukuta kijiji kizima.

Chepkurui alisikiliza, kikombe mkononi. Mwanamke huyu aliongea juu ya mambo madogo kwa namna iliyomkumbusha mama yake.

"Sasa hapa umekosa," alimwambia. "Silanga yetu imekauka. Hakuna maji."

"Sitaki maji, mama. Nataka tope. Hiyo kavu."

Wakashuka pamoja. Syprose alikwangua tope la chini kabisa, akalisaga, akalichekecha, akainama juu ya kiganja chake na kioo kidogo cha kukuzia. Alikaa hivyo muda mrefu, kisha akampa Chepkurui kioo.

Zilikuwa punje za kahawia, ndogo kuliko wimbi, nyingi.

"Hiyo ni mayai," alisema Syprose. "Lakini sielewi. Mayai ya namna hii nimepata Chepalungu peke yake, kwenye silanga za ng'ombe, huko kwenye joto. Huku juu sijaona hata moja. Hawa si wa huku."

Chepkurui alikirudisha kioo taratibu. "Chepalungu upande gani?"

"Huko Chebunyo. Kulikuwa na silanga moja wazee waliniambia ndiyo ilikuwa na wengi zaidi, kwa mzee anaitwa Kiptanui. Nilifika nikakuta imejazwa mawe. Kumejengwa maduka juu yake."

Kiptanui ni kaka yake Chepkurui. Kwamba ameuza kipande cha shamba alilisikia. Kwamba ni kipande hicho, hakuna aliyemwambia. Alisimama pale kwenye tope la Johana akawaona wageni wa mama yake wakirudi na mvua, wakigonga sakafu ya duka kutoka chini, na hakuna wa kuwafungulia.

"Labda waliletwa na ndege," Syprose aliendelea, akijisemea. "Yai inashika kwa mguu wa ndege. Au kwato ya ng'ombe."

"Labda," alisema Chepkurui. "Na iko hai bado?"

"Tutajua tukiinywesha."

Waliweka tope lile kwenye beseni barazani. Wingu lilikuwa limeshajikusanya juu ya Kericho, na alasiri hiyohiyo mvua ikashuka, ile ya kweli, ya kufunga barabara. Syprose alikinga maji ya paa baada ya bati kuoshwa, akajaza beseni, akaomba lisiguswe na kuku. Angerudi Ijumaa. Kipngeno alipita amejifunika gunia kichwani, akatazama beseni, akamtazama mama yake, akasema tu kwamba mvua ikiendelea hivi Jumamosi watafungua ukingo, ameshaita watu wa kusaidiana. Chepkurui akaitikia kwa kichwa.

Mvua iliendelea hivyo. Ukungu ulipanda kutoka mtoni ukakaa juu ya chai, na siku zikawa hazina asubuhi wala jioni, ila mwanga mmoja wa kijivu uliotulia. Chepkurui aliketi barazani karibu na beseni, shuka begani, akisikia bati likiimba, na mara nyingi hakujua kama amesinzia au la.

Alasiri moja alimwona mama yake. Alikuwa ameketi ukingoni mwa silanga, hii ya hapa, akisugua vibuyu kwa mkaa kama vile hapa ndipo alipoishi siku zote. Johana naye alikuwa akipanda kilima na punda wake, mitungi ikichuruzika, akimwaga maji, akishuka, akipanda tena. Chepkurui alitaka kumwambia aache, apumzike, lakini kinywa chake kilikuwa kimejaa maji, na kila alipokifungua waliogelea nje wale viumbe wepesi, chali, mmojammoja, wakapotelea ukunguni. Johana alisimama akawatazama wakipita. Hakuonekana kushangaa. "Kumbe ulikuwa unawangoja hawa," alisema. "Ungeniambia."

Alishtuka shingo ikimuuma. Mvua ilikuwa imepungua. Ndani ya beseni, juu ya tope lililotulia, kulikuwa na vumbi, na vumbi lile lilikuwa linatembea.

Siku zilizofuata alisahau mengi. Alisahau uji ukaungua, na ng'ombe aliyezoea kukamuliwa mapema alilia mpaka jirani akauliza kama kuna mtu. Kila asubuhi vumbi lilikuwa limekua kidogo. Likawa na mikia. Likawa na macho, meusi, mawili mawili. Kisha asubuhi moja yenye kajua aliinama na kuwaona, urefu wa punje ya mchele, weupe wa kupitisha mwanga, wamelala chali juu ya maji, miguu ikipepea bila haraka, kana kwamba safari yote hiyo ilikuwa ya jana na leo.

"Wageni wamefika," alisema. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mama yake, na hakukuwa na mtu wa kuisikia ila kuku.

Syprose aliporudi Ijumaa alipiga magoti mbele ya beseni bila kuvua mkoba. Chepkurui alimwacha atazame ashibe, kisha akamwambia habari za kibuyu. Alimwambia yote, alfajiri ile, tope la kiangazi, wifi zake, lango, vumbi lililoelea na kuzama. Hakuwahi kuyasema kwa mtu, na alishangaa jinsi yalivyokuwa machache yakishasemwa. Syprose hakucheka. Alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu aliyepewa kitu kikubwa kuliko alichoomba.

"Nilidhani ni ndege," alisema. "Kumbe ni bibi arusi."

"Lakini niambie kitu, Syprose. Mbona hawakuja? Mimi niliwangoja sana. Na maji ilikuwepo. Hii silanga haikukosa maji hata siku moja, mzee alihakikisha."

Syprose alilisogeza beseni kwenye kivuli kwanza. Baadaye Chepkurui alielewa kwamba alikuwa akitafuta namna ya kulisema bila kuumiza.

"Ni hiyo maji, mama. Hawa ni watu wa silanga zinazokauka. Yai lao lazima likauke kwanza. Likauke kabisa, ndiyo mvua ikija lijue ni mvua. Likikaa tu ndani ya maji, linakaa. Halifi, halitoki."

"Linakaa likifanya nini?"

"Linangoja."

Chepkurui aliangalia kule chini, kwenye silanga, ambayo mvua ilikuwa imeijaza hadi magotini. Alimwona Johana na mfereji wake. Alimwona na punda wake, ukame ule, midomo imebabuka, akipandisha maji ili ahadi isivunjike. Miaka yote hiyo wageni walikuwa chini pale, hatua chache kutoka mlangoni kwake, wamefika zamani, wanangoja paa lao likauke. Na mume wake alikuwa akiwafunika upya kila siku, kwa mapenzi. Kwao hawakumkataa. Walimfuata tangu siku ya kwanza.

Alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Syprose akaanza kucheka naye, kisha akaona kwamba mwenzake analia, anamlilia Johana waziwazi kama alivyoshindwa kumlilia siku ya mazishi. Hakumnyamazisha. Alimshika mkono tu, wakakaa hivyo, beseni kati yao.

Jumamosi asubuhi watu wa kusaidiana walifika na majembe. Kipngeno alikuwa amepanga miche yake kando ya ukingo, kijani mbichi, safu kwa safu, na mtu asingeweza kumlaumu; kijana alikuwa na mipango. Alikuwa amechagua mahali pa kukata, pale ukingo ulipokuwa mwembamba, upande wa mto.

Ndipo mama yake akaja. Alikuwa amefunga kitambaa cha kanisani na kujitanda shuka. Alipita katikati yao, akafika palepale palipochaguliwa, akasimama. Aliinamisha kichwa, akakunja mikono.

"Mama, sogea kidogo tufanye kazi," alisema Kipngeno.

Hakusogea.

"Mama, si tuliongea? Si ulisema nifanye?"

Hakujibu. Kipngeno aliwatazama wenzake kwa aibu. Mtu mzima hamshiki mama yake mkono akamwondoa mbele za watu. Hapo akacheka mzee Kipsang, ambaye siku ile ya arusi alikuwa kijana wa kushika ng'ombe langoni.

"Nyinyi watoto hamjui kitu," alisema. "Huyu hajagoma. Huyu ni bibi arusi amefika kwa lango. Muulizeni anataka nini, na mseme kwa adabu."

Watu wakacheka, wakaanza. Mmoja akamwahidi kuku. Mwingine akapandisha, mbuzi, tena mwenye mimba. Kipngeno, uso umemwiva, akaona hana budi kuingia mchezoni.

"Nakupa mtamba, mama. Yule mweusi."

Kichwa kilitikisika, hapana.

"Sasa unataka nini?"

"Nataka silanga."

"Lakini si hii? Umesimama juu yake."

"Hii ni ya baba yako," alisema Chepkurui, macho bado chini. "Ile ya kutokauka. Niliiomba mimi mwenyewe, nikiwa mjinga, na akanipa, na alijiua na kazi juu yake. Sasa nataka ingine. Nataka inayokauka."

Kipngeno aligeukia silanga. Alitazama maji, na alipotazama hakuinua kichwa tena haraka. Aliweka jembe chini, akachuchumaa. Kila mahali, chini ya mwanga wa asubuhi, walikuwa wakipita, chali, weupe, wengi kupita hesabu.

"Mama. Hii ni nini?"

"Ni wajomba zako," alisema Chepkurui. "Wametoka Chebunyo."

Wale wengine nao walichuchumaa, wazee kwa vijana, wakainama kama watu walio ibadani. Kipngeno alitumbukiza kiganja, akamteka mmoja na maji kidogo, akamtazama, akamrudisha. Kisha aligeuka kuitazama miche yake, safu kwa safu, na akapumua.

"Hiyo itapandwa juu, kwa nyumba," Kipsang alimwambia. "Chai haijakosa mahali Silibwet."

Kipngeno akasimama mbele ya mama yake. Aliongea polepole, kama mtu asiyependa kurudia neno.

"Mfereji sitauzibua," alisema. "Na maji sitaongeza. Kila kiangazi itakauka."

Chepkurui alikuwa amefumba macho ili aisikie vizuri sauti ile. Ilipoisha, akainua mguu.